Kikaratasi cha Mzigo wa Arobaini na Saba

Niliandika nyuma ya kikaratasi cha mzigo,
kile cha njano kinachofungwa kwa uzi kwenye kola hamsini:
Kwa Meneja. Yah: Kuacha Kazi.
Nikakwama hapo.
Sababu zilikuja zote kwa pamoja, zikabanana mlangoni
kama sisi saa kumi na mbili kasoro, geti la Iyunga,
ukungu umekalia bati, kila mdomo unatoa moshi.

Niseme mshahara? Mshahara wanaujua, waliupima wao.
Niseme baridi ya Julai, vidole vimekufa ganzi
hadi sindano ikapita kwenye ukucha wa Tusekile,
naye akafunga kitambaa, akaendelea,
maana tone likidondokea shati jeupe la shule
shati linakatwa kwenye mshahara wake?
Nilianza kuliandika hilo. Nikalifuta. Ni la Tusekile.

Langu ni dogo, naona haya kulisema.
Mama alipiga simu kutoka Isyonje:
viazi vimechanua, shamba lote jeupe, utakuja lini?
Nikamjibu, bado vipande mia sita.
Akanyamaza.
"Vipande vya nini, Sekela?"

Siku hizi ndivyo ninavyohesabu.
Maharage huiva kwa kola themanini.
Kutoka Mwanjelwa hadi chumbani kwangu, kola ishirini,
kukiwa na tope, thelathini.
Baba tulimzika kwa ruhusa ya siku moja,
kola mia nne na hamsini,
nikazilipa Jumamosi mbili, nikiwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

"Kumi na tisa!" aliita Mwasomola, msimamizi wa laini,
nikaitika kabla hajafunga mdomo
kama niliyebatizwa hivyo.
Mkono ukafanya uliyoyazoea:
ukafunga mzigo, ukausukuma kwa Bupe wa mabega,
na kikaratasi changu kikaenda nao.

Siku nzima nilishona masikio yakiwa ofisini.
Mabega, mikono, vifungo, pasi.
Hakuna aliyeniita.
Jioni Ambakisye, fundi mitambo,
alipita na oili yake, akakiweka chini ya kikombe changu.
"Umeangusha," akasema, hakusimama.

Chini ya mwandiko wangu palikuwa na miandiko.

Na choo. Kadi moja, watu arobaini.

Mguu wangu wa kulia unakanyaga hata usingizini,
mume kahamia kwenye mkeka.

Mimi sitaki kuacha. Nataka kiti chenye mgongo.

Kaka yangu ananiambia kushona ni kazi ya kukaa tu.

Mmoja ametumia chaki ya kukatia, nusu imefutika:
...mvua ikiwahi, mimi pia...

Na mmoja hakuandika. Ameshona.
Mishono mitano ya uzi mwekundu pembeni mwa karatasi,
na mwishoni amerudi nyuma kidogo,
ule mshono wa kuzuia kazi isifumuke.

Nilikigeuza. Palipokuwa na kidole cha Ambakisye
mafuta yameing'arisha karatasi,
unaona upande wa pili: kola, saizi kumi na mbili, 19,
zimesimama kinyume katikati ya maneno yetu.

Jumatatu mashine nne zilikuwa zimefunikwa.
Ya Tusekile ilikuwemo. Yangu haikuwemo.
Mwasomola alizipita mara mbili akihesabu,
kisha akahesabu tena, safari hii kwa kutuita majina,
na mengine hakuyajua, akayauliza.

Usiku nikampigia mama.
Nikamwambia visichimbwe vyote, anibakizie matuta ya juu kule kwenye mteremko,
nitakuja baada ya wiki tatu.
Kikaratasi bado ninacho, sijakipeleka, sijakichana.
Lakini nilisema wiki.
Wiki tatu, nilisema.